Jumba halifi kwa uzee

KONA YA MNAZI MMOJA
Na Zuhura Mbaruku

Vijana wa fremu za simu hapa mtaani wamekuwa wakinionyesha picha za hospitali zilizohamwa huko Ulaya. Vitanda vya chuma vimeliwa na kutu, rangi inabanduka ukutani, miti imeota juu ya paa. Nyingi ni za Beelitz, si mbali na Berlin. "Bi Zuhura," akaniuliza mmoja, "mbona sisi hatuna magofu mazuri kama haya?"

Neno hilo "mazuri" limenikaa rohoni wiki nzima.

Beelitz ilianza kujengwa mwaka 1898 kwa ajili ya wafanyakazi wa Berlin waliougua kifua kikuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Kisovieti likaifanya hospitali yake, na lilipoondoka miaka ya 1990 sehemu kubwa ikabaki tupu. Sasa tazama hospitali yetu ya Ocean Road, hapa Dar es Salaam. Wajerumani haohao waliimaliza mwaka 1897, wakati ule kwa ajili ya Wazungu. Imekula chumvi ya bahari kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na hadi leo wagonjwa wa saratani kutoka mikoani wanafika pale kutibiwa. Kwa umri, Ocean Road ndiyo kubwa. Iliyogeuka gofu ni ile changa.

Kwa hiyo tuache kusema jumba limekufa kwa uzee. Jumba linakufa siku linapokosa mtu wa kupanda darini kabla ya masika. Bati moja likitoboka, maji yanapenya, boriti za mikoko zinaoza kuanzia ncha zilizolala ukutani, chokaa iliyoshika mawe inalainika. Kisha anakuja mtu na saruji, anaipiga juu ya ukuta wa matumbawe akidhani anauokoa, kumbe ameufungia unyevu ndani. Haya yote huchukua miaka, na katika kila mwaka huo kuna mtu aliyepaswa kutoa fedha au kutuma fundi, na hakufanya hivyo. Kamera inaona kutu. Mtu huyo haimwoni.

Zanzibar tumeona njia zote mbili. Jumba la zahanati ya zamani pale Mizingani, ambalo Tharia Topan alianzisha ujenzi wake mwaka 1887, lilichakaa vibaya baada ya Mapinduzi, kisha miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ikalikarabati, na roshani zake za nakshi zimesimama mpaka leo. Si mbali na hapo, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash ilipigwa picha na kila mgeni aliyepita. Kipande chake kilishaanguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande mzima ukaporomoka na kuua watu. Picha za jumba lile zilijaa duniani kote, na hazikumkinga hata mmoja.

Huku kwetu nasikia kila siku, "Jumba bovu hilo, livunjwe ipande ghorofa." Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimekwisha kwa kauli hiyo, ua na baraza zake pamoja. Lakini watu waliozikwa na majengo katika jiji hili hawakuuawa na kuta za Mjerumani. Machi 2013, ghorofa 16 zilizokuwa bado zinajengwa Mtaa wa Indira Gandhi zilianguka, wakafa watu 36. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, jengo la maduka, watu wakiwa kazini, na waliokufa walizidi 20. Bado naona uchungu kuandika mistari hii. Nani alikagua? Aliandika nini? Mpangaji aliyelipa kilemba alionyeshwa karatasi hiyo?

Na hospitali ina uzito wake wa peke yake. Miaka ya 1890 Sewa Haji Paroo alitoa mali yake ijengwe hospitali ya Waafrika na Wahindi, karibu na ilipo stesheni ya reli. Kazi ya hospitali hiyo ilihamia Muhimbili mwaka 1956, ilipofunguliwa kwa jina la Princess Margaret, na jina la Sewa Haji likabaki kwenye wodi. Jengo limekwenda, wagonjwa wakapata pa kwenda. Hilo ndilo ninaloliuliza mbele ya picha ya wodi tupu, iwe ya Ulaya au ya wilaya yoyote hapa nchini: waliokuwa wakilala humu wanatibiwa wapi sasa?

Vijana wangu wana simu nzuri na macho makali. Nawaomba wapige picha za hapahapa, za nguzo yenye ufa na dari inayovuja, watu wakingali ndani. Waandike mtaa na tarehe, wazipeleke serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa Jiji, na wasiondoke bila jina la aliyezipokea.