"Free" si bure, na "open" si wazi tu

Nimechoka kusoma "programu za bure" kila mtu anapotafsiri "free software". Jamani, bure ni bei! Internet Explorer nayo ilikuwa bure, lakini wewe na mimi hatukuruhusiwa kuifungua na kuirekebisha.

Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amerudia miaka nenda miaka rudi kwamba "free" yake ni uhuru: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa, na kuigawa hata baada ya kuibadilisha. Tatizo ni Kiingereza. Neno lile lile linabeba uhuru na bure, na mfanyabiashara akilisikia anashika mfuko. Ndipo Februari 1998 Christine Peterson akapendekeza "open source", na wengi wakakimbilia huko. Programu zenyewe ni karibu zile zile. Ila "free" huuliza haki za mtumiaji, "open" husifu namna ya kutengeneza.

Na "open" ina ugonjwa wake: watu husikia "inaonekana". Meta ilipotoa Llama 2 Julai 2023 iliiita "open source", ilhali kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi zilitakiwa kuomba leseni kwanza. Huko ni kuonyeshwa bidhaa kwenye kioo huku mlango umefungwa.

Halafu sisi tunaandika "chanzo wazi"! Ya nini kuazima maradhi ya watu? Tuna neno "huria". Soko huria ni "free market". Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni "Open University". Neno moja limeshika pande zote mbili, na hakuna anayedhani sokoni hugawiwa nyanya au chuoni hakuna karo.

Mnaona nabishana kuhusu maneno tu? Mwambie mwalimu mkuu programu ni "bure", naye atalinganisha bei peke yake. Akija muuzaji mwenye programu ya bure mwaka wa kwanza, shule nzima inahamia kwake. Mwaka wa pili inaletwa ankara, na fundi wa pale mjini, ambaye angeirekebisha, leseni haimruhusu hata kuigusa.

Kwa hiyo nyinyi mnaotafsiri menyu na miongozo: andikeni "programu huria". Kama bei ni sufuri, iandikeni penye bei.