Stika mpya, mtungi uleule

Mhariri,

Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo Julai 10, 2021 bado unazungumzwa Dar es Salaam. Mitungi ya kuzimia moto iliyotundikwa ofisini haizungumzwi. Mingine imezibwa na maboksi, lebo zimechakaa.

Ukaguzi wa kila mwezi hauhitaji fundi. Mlinzi anaweza kutazama kama mshale wa geji umo kwenye kijani, pini haijachomolewa na mpira haujapasuka. Mtungi wa hewa ukaa kwa kawaida hauna geji; huo hupimwa uzito. Poda nayo inaweza kuganda ikikaa muda mrefu, na mshale ukaendelea kuonyesha kijani kana kwamba mambo ni shwari. Hapo ndipo fundi wa kila mwaka anapotakiwa kufanya kazi kwelikweli, si kubandika stika na kuomba saini.

Mtungi uliobonyezwa hata kidogo tu ujazwe upya, kwa sababu chembe za poda hunasa kwenye vali na presha huvuja.

Wapangaji wanaolipia huduma za jengo wana haki ya kumuuliza meneja: mtungi wa ghorofa yetu ulifunguliwa lini?

Msomaji,
Dar es Salaam