KIDOLE HIKI NI CHANGU

Siku hizi vyombo vimepata akili. Simu inajua saa, inajua ulipo, inajua na jana ulinunua nini. Wako wanaodhani sisi wa Kalobeyei tuko gizani, kumbe mambo haya tumeyaona mapema kuliko wao. Mwaka 2013, hapo jirani Kakuma, wakimbizi walianza kutambuliwa kwa alama za vidole kabla ya kupewa mgao. Mwaka 2015 ukaja mpango wa Bamba Chakula: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilituma pesa kwa laini ya simu, za kununua chakula tu, tena kwa wenye maduka walioteuliwa. Makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa mwaka 2016, mpango ukafika na huku.

Faida sikatai. Mama alijichagulia mwenyewe unga au maharagwe, na aliyeokota kadi hakuweza kula haki ya mwenzake. Lakini kubamba ni kupata, na pia ni kunasa. Je, tukibamba chakula, sisi wenyewe hatubambwi? Kadi ikipotea utapewa nyingine. Kidole je?

Hebu tutazame Garissa. Wako Wakenya waliopelekwa utotoni kuandikishwa katika kambi za Dadaab ili wapate chakula wakati wa ukame. Walipotimiza miaka 18 wakaomba kitambulisho, kompyuta ikajibu: huyu ni mkimbizi. Ilikumbuka kidole, haikukumbuka njaa. Bila kitambulisho, kazi utaipata wapi? Na hapa kwetu, ambapo mwenyeji na mkimbizi hukaa darasa moja, tusidhani ni mambo ya mbali.

Wengine watasema, ati mwenye njaa hana siri. Mimi sikubali! Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya faragha kila mtu. Hakikusema kila raia, wala kila aliyeshiba. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa habari zako zitatumiwaje, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa.

Kwa hivyo wenzangu, ukiambiwa weka kidole hapa, uliza kwanza: ni cha nini, nani atakiona, na nikikuta kosa niende kwa nani? Nao wenye mashine watujibu kwa lugha ambayo hata nyanya ataielewa, kabla kidole hakijagusa kioo. Kuuliza si ujinga.