Kabla Kanga Haijafunika

Afande Inspekta Jenerali wa Polisi,

Nakuandikia kutoka Kasulu. Nilikuwa tabibu katika zahanati za vijijini, huku na Kibondo, hadi nilipostaafu, na mara kadhaa niliitwa mtoni kumtazama mtu aliyekufa maji. Nilikuta yaleyale kila mara: mwili umeshatolewa na kulazwa majanini, kanga juu yake, na ukingo umekanyagwa hata hujui marehemu aliingilia wapi.

Siwalaumu wanakijiji. Mtu akionekana majini anatolewa haraka, huenda bado anapumua. Ombi langu linaanzia pale inapokuwa dhahiri kwamba ameshatutoka.

Masika moja niliitwa kwa msichana aliyekwenda kuchota maji. Ndoo yake walikuwa wameichotea maji ya kumwosha tope usoni. Kandambili moja ilikuwa mkononi mwa mdogo wake. Ya pili haikuonekana. Povu jeupe la puani, ambalo mpimaji angetaka sana kuliona, shangazi yake alikuwa amelifuta kwa upole wote. Jioni akaja askari kwa bodaboda, akaandika kwenye daftari, ndugu wakapewa maiti wakazike. Sababu: kufa maji.

Kufa maji kwa vipi? Aliteleza? Alikamatwa na mamba? Alisukumwa, au alitupwa akiwa ameshakufa? Msichana yule alikuwa na kifafa. Nilijua, maana dawa alichukulia kwangu, na mwenye kifafa akiinama juu ya maji hahitaji kina kirefu. Hakuna aliyeniuliza, nami, aibu yangu, nikanyamaza. Kijiji kikajitafutia jibu, kikalipata kwa bibi mmoja mwenye macho mekundu anayeishi karibu na mto. Alihama kabla matanga hayajaanuliwa.

Sheria ipo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka vifo vya namna hii vichunguzwe. Tatizo ni umbali. Kutoka vijiji vya bonde la Malagarasi hadi kituoni, wakati wa mvua, askari mwepesi kuliko wote atakuta udongo umeshavurugwa. Lakini mmeshapeleka wakaguzi kwenye kata, na Mtendaji wa Kijiji ana simu yenye kamera. Wapeni karatasi moja na mafunzo ya siku moja.

Karatasi iulize alionekana mara ya mwisho saa ngapi na nani alimtoa. Alikuwa kifudifudi au chali. Kina cha maji kwa kupima na fimbo. Viganja vimeshika nini, maana anayezama hung'ang'ania majani na tope. Picha ianze na ukingo, ule mtelezo kwenye udongo, kiberiti kimewekwa pembeni ili ukubwa ujulikane. Mwili upigwe picha kabla ya kuoshwa. Na picha hizo ziende polisi tu. Kuna mama aliyejua msiba wake kwenye kundi la WhatsApp.

Kuna na wale wasio na jina. Malagarasi unapita mpakani na Burundi kabla ya kuja kwetu, na tuna wakimbizi Nyarugusu tangu 1996, na wengine waliwekwa Nduta kule Kibondo. Maji yakileta mtu tusiyemjua, tunamzika kando ya mto na nguo zake zote, na hapo habari yake inaishia.

Mmoja nilisaidia kumzika mwenyewe. Shati lake lilikuwa na viraka viwili begani, vimeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka. Aliyeushona uzi ule angeutambua hata kwenye picha mbovu.

Wako mtiifu,
Tabibu mstaafu, Kasulu