Waje Wachunguzi, Askari Wabaki Kwao

Tangu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania iliyoishia kwa maandamano, risasi na misiba, wapo wanaotaka polisi wa kimataifa waje kumlinda raia asiyewaamini tena polisi wake. Kilio chao nakielewa. Jawabu lao silikubali, na Kilwa, kwenye pwani ya kusini, ina sababu zake za kulikataa.

Pwani hii iliwahi kuletewa askari kutoka nje kwa jina la amani. Baada ya watu wa Kilwa kuinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, kamanda wao Hermann von Wissmann aliunda jeshi la Wasudani waliosajiliwa Misri na vijana kutoka Msumbiji. Mei 1890 Kilwa ikatekwa. Miaka mitano baadaye Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, akanyongwa Kilwa Kivinje, na mahali pale hadi leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Askari wale hawakuwa na ndugu mjini, wala mzee wa mtaa wa kuwauliza lolote. Walimjibu aliyewalipa.

Ushirikiano wa polisi una kazi yake, tena kubwa. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa mkoani Lindi. Mzigo kama huo huvuka bahari na mipaka ya nchi kadhaa, na polisi wa nchi moja hawauwezi peke yao. Ndiyo kazi ya Interpol, na ya EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki. Lakini Ibara ya 3 ya katiba ya Interpol inaikataza kujiingiza katika mambo ya kisiasa, na katazo hilo linatufaa sisi raia. Likiondolewa, serikali yoyote itamsaka mpinzani wake aliyekimbilia nchi jirani kana kwamba ni jambazi.

Msaada wa nje ninaoutaka niliuona Kenya. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, Jaji Philip Waki hakuchunguza peke yake. Alikaa na Gavin McFadyen wa New Zealand na Pascal Kambale wa Kongo, watu wasio na chama wala kabila la kutetea Kenya. Tume yao ilihesabu vifo 1,133, na ikaonyesha kwamba 405 vilitokana na risasi. Hesabu hiyo ndiyo iliyowanyima wakubwa nafasi ya kusema kwamba waliokufa wote waliuana wenyewe kwa mapanga. Mwaka 2011 Kenya ikatunga sheria ya IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi. Haijamaliza mauaji, maana mwaka 2024 vijana waliuawa tena Nairobi kwenye maandamano, lakini mama aliyefiwa ana mlango wa kubisha ambao si kituo cha polisi.

Kwetu, tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliyoundwa Novemba 2025 kuchunguza matukio ya uchaguzi ilipewa wajumbe Watanzania watupu. Miongoni mwao walikuwamo Said Mwema, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, na Stergomena Tax, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Sina la kuwashutumu. Ila aliyefiwa hawezi kuambiwa apokee ukweli kutoka kwa mtu aliyewahi kuongoza chombo kinachochunguzwa.

Kazi yenyewe ya uchunguzi haihitaji kifaru. Bunduki ya polisi hutoka ghalani kwa sahihi: nani kaichukua, kapewa risasi ngapi, karudisha ngapi. Daktari wa maiti husema risasi iliingia kifuani au mgongoni. Daftari na maiti vikisomwa pamoja na mtu asiyemwogopa kamanda wa mkoa, mengi hujulikana.

Na mtu wa Lindi asidhani hili ni la Dar es Salaam peke yake. Amri ya kutotoka nje ilipotangazwa kule na intaneti ikazimwa hadi Novemba 3, pwani ya kusini nayo ilikatwa sauti. Samaki wa Somanga, wilayani Kilwa, hutegemea barabara ya Dar na simu ya mnunuzi. Barafu haingoji siasa zitulie.

Tume ya Haki Jinai, iliyoundwa na Rais, ilikwishapendekeza mwaka 2023 mageuzi makubwa ya polisi. Wabunge wa Lindi na Kilwa wadai sheria ya chombo huru cha kuwachunguza polisi, chenye viti vya wataalamu kutoka nchi nyingine za Afrika, na waidai kabla ya uchaguzi wa 2030.