Mtoto Asibebeshwe Hatia ya Safari Asiyoichagua

Mwaka 1991 hatuusahau. Mwezi Desemba Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule, na mlango wa vyama vingi ukafunguka. Mwaka huo huo, serikali ya Siad Barre ilipokwisha kuanguka Mogadishu, akina mama wa Kisomali walivuka mpaka wakiwa na watoto migongoni, na kambi za Dadaab zikaanza. Sisi tulikuwa tukidai sauti katika nchi yetu. Mtoto yule wa mgongoni hakudai lolote. Hakujua hata kwamba amevuka mpaka.

Mtoto huyo sasa ni mtu mzima aliyepita miaka 30. Amesoma kwa mtaala wa Kenya, amefanya mitihani ya Kenya, na watoto wake wamezaliwa papa hapa. Hata hivyo hana uraia, na kwa miaka mingi amelazimika kuomba kibali ili atoke kambini.

Je, amekosa nini? Sheria ya jinai humtaka mtu awe na nia ndipo ahukumiwe. Mtoto wa miaka miwili ana nia gani? Katiba yetu ya mwaka 2010 inalifahamu jambo hili. Kifungu cha 14 kinamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtoto aliyepatikana nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8, ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani. Hakuna anayemuuliza alipitia wapi. Kifungu cha 15 kinamruhusu mtu aliyeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo kuomba uraia. Lakini wakimbizi waliofaulu kwa njia hiyo ni wachache mno. Haki imeandikwa, lakini haitolewi.

Wako wanaotaja usalama, na hofu yao si ya kupuuzwa. Garissa na Nairobi zimezika wengi. Lakini mhalifu ahukumiwe kwa jina lake na kwa ushahidi. Mwezi Februari 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha agizo la kufunga Dadaab, ilisema wazi kwamba agizo hilo lilikuwa la kibaguzi. Sisi tulioipinga adhabu ya jumla ilipotuangukia, tutaitetea vipi inapomwangukia jirani?

Wala njia si ngeni. Washona walikuja kutoka kusini kuhubiri Injili, na watoto wao wakakaa miongo mingi bila nchi. Desemba 12, 2020, Washona 1,670 walitangaziwa uraia. Wamakonde walitangulia mwaka 2016, Wapemba wakafuata mwaka 2023. Kenya haikupungukiwa na kitu.

Basi tunalitaka Bunge litunge sheria iliyo wazi: aliyeletwa akiwa mtoto, akakulia hapa, na asiye na hatia ya kosa kubwa, apewe haki ya kuomba uraia, na ajibiwe kwa maandishi katika muda maalum. Na makanisa yaliyothubutu kuhubiri mageuzi siku za chama kimoja yasinyamaze leo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa zaidi ya miaka 30, jembe analiomba mwenyewe, nasi tunamnyima.