Kabla Kijana wa Mashine Hajafika

Siku hizi hata vijijini wapo vijana wanaopita na pikipiki, nyuma wamefunga mashine ndogo ya kusukuma maji kwa nguvu. Huosha sakafu za baraza, ngazi, viwanja vya saruji na viti vya nje. Mwenye arusi au kipaimara nyumbani kwake humwita mmoja wao, wakapatana bei, na kwa nusu siku baraza lililokuwa jeusi kwa moshi na utelezi wa kijani hutakata. Ni kazi njema, wala si anasa. Utelezi ule huwaangusha wazee wetu kila masika.

Lakini, ndugu msomaji, kijana huyo akifika kwako saa mbili asubuhi atakuta nini? Mara nyingi hukuta maharage yameanikwa uwanjani, mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya baraza, kuni zimeegemezwa ukutani, maji ni ndoo mbili tu, na baba ameondoka na ufunguo wa stoo. Basi kijana hukaa juu ya pikipiki akingoja. Saa nne bado anangoja. Yeye halipwi kwa saa, hulipwa kwa kazi, na nyumba ya pili aliyoiahidi mchana ule ameikosa kwa ajili ya maharage yako.

Hayo ni ya fedha. Yako makubwa zaidi, na hapa sina budi kulitaja kosa langu mwenyewe.

Bibi mmoja, jirani yetu, alikuwa anamwoza mjukuu wake. Akaniomba nimtafutie mwoshaji. Nikamtafuta, bei tukapatana, nami nikarudi ofisini kwenye vitabu vyangu vya ubatizo. Uwanja wa bibi sikuuzunguka. Kijana alipofika akauliza vizuri kabisa: “Shikamoo, bibi. Nioshe na kuta za jiko?” Bibi akajibu: “Marahaba, mjukuu wangu. Osha vyote, wageni wakute kumetakata.”

Jiko lile la nje limejengwa kwa matofali mabichi, ila mbele lilipigwa lipu nyembamba ya saruji. Ukilitazama utadhani ni la matofali ya kuchoma. Maji ya mashine yakaingia katika ufa wa lipu, yakalowanisha udongo wa ndani mpaka chini. Usiku ule pembe moja ikaanguka, ikaponda sufuria za arusi mahali pale pale ambapo watoto hupenda kulala wakiota moto. Kwa bahati, usiku ule walilala kwa shangazi yao. Asubuhi kijiji kizima kilimlaumu kijana. Lakini angejuaje kilichomo nyuma ya lipu? Aliyejua ni bibi, na aliyepaswa kumwuliza bibi ni mimi. Matofali ya kujenga upya nilichangia, na sufuria mbili nilinunua.

Tangu hapo nimejiwekea desturi. Siku moja kabla ya kazi nazunguka uwanja pamoja na mwenye nyumba, nimeshika kipande cha mkaa. Kila mahali ambapo maji ya nguvu yasifike napiga alama: ukuta wa udongo au wa matofali mabichi, lipu yenye ufa, swichi na nyaya za umeme, betri ya sola. Saruji mpya nayo huwekwa alama, kwa maana saruji hutakiwa kukaa siku 28 ili ikomae. Ukiipiga maji ya nguvu kabla ya hapo, uso wake hubanduka nawe umeharibu kazi ya fundi wa kwanza.

Kisha vitu vyote viondoke uwanjani jioni ile ile, si asubuhi. Kuni wasihamishe watoto. Nyuma ya kuni hukaa nyoka na nge, basi mtu mzima atangulize fimbo. Zoa kinyesi cha kuku, fagia vumbi lingali kavu, maana vumbi likiloa ni matope, na matope utamlipa kijana ayasukume huku na huko. Penye mafuta ya taa au ya pikipiki mwaga majivu usiku, ufagie asubuhi. Majivu hunywa mafuta mengi kabla sabuni haijaguswa.

Sasa maji. Watu wengi hawapigi hesabu hii. Mashine ikitumia lita 10 kwa dakika, pipa la lita 200 huisha kwa dakika 20. Kazi ya saa moja ni mapipa matatu! Usipoyateka mapema, binti zako watashinda njiani na ndoo vichwani ili sakafu ing'are, jambo ambalo mimi silioni kuwa haki. Kama kisima ni mbali, bora brashi ya mti na sabuni, na mashine uiache kwa pale penye utelezi tu.

Mwenye tangi la maji ya mvua aziibe kifuniko, na kama paa au mifereji yake itaoshwa, autoe kwanza ule mrija uingiao tangini. Tazameni pia maji machafu yatakwenda wapi. Chimba kifereji kiyapeleke mbali na kisima, wala yasiingie kwa jirani.

Dawa za kung'arishia mwulize kijana kabla hajafungua chupa. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na dawa kali ya choo, wala isimwagwe penye mkojo wa mbuzi kabla haujaoshwa. Hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu. Hewa ya klorini ndiyo iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, nasi twaitengeneza barazani bila kujua!

Watoto wakae mbali mpaka mashine izimwe. Maji yale hupasua ngozi. Jeraha laweza kuonekana dogo kama tundu la sindano, na ndani pameharibika, kwa hiyo mtu apelekwe hospitali siku ile ile.

Kazi ikiisha, zungukeni tena mkatafute makopo, matairi na vifuu vilivyojaa maji. Mbu wa homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga humo, na mayai yake hushika ukingoni yakangoja miezi hata pakikauka. Kumwaga maji tu hakutoshi, sugua chombo ndani. Viti virudi sakafu ikikauka, na kijana alipwe papo hapo yale mliyopatana.

Jiko la bibi sasa limejengwa upya, msingi wake wa mawe mpaka magotini. Mwaka huu ana mjukuu mwingine wa kuoza, na amekwisha kunituma kwa kijana yule yule. Nimemwambia nitafika siku moja kabla, na mkaa wangu mkononi.